Baiskeli ya umeme, skuta au mopedi: ipi ununue na ipi uiache dukani

Nianze na jibu, maana najua wengi wanaosoma mwongozo kama huu tayari wana hela mkononi na muuzaji anawasubiri.

Kama unasafiri peke yako, mizunguko yako ya siku haizidi kilomita 25 au 30, na mji wako ni tambarare kama Tanga, Dar es Salaam, Mombasa au Unguja mjini, nunua baiskeli ya umeme yenye betri ya lithiamu. Kama kazi yako ni bodaboda, tafuta pikipiki ya umeme ya kubadilisha betri, mradi vituo vya kubadilishia viko kwenye njia zako. Kama safari zako zinakutoa mjini na kukupeleka vijijini kusiko na umeme wa uhakika, skuta au pikipiki ndogo ya petroli bado haijapata mpinzani. Na ile skuta ya umeme ya bei chee yenye betri nzito za risasi, inayopangwa mbele kabisa ya duka ili uione kwanza, iache palepale.

Huo ndio mpangilio wangu. Sababu zake zinaanzia kwenye hesabu, na hapo ndipo wanunuzi wengi wanapopotezwa.

Hesabu ya kilomita moja

Mnunuzi huuliza bei ya chombo. Muuzaji humtajia, kisha humwambia kwamba umeme ni kama bure ukilinganisha na mafuta. Maneno hayo yana nusu ya ukweli, na nusu iliyofichwa ndiyo inayokula hela.

Pikipiki ndogo ya petroli, ya cc 100 hadi 125, ikitunzwa vizuri inakwenda kilomita 45 hivi kwa lita. Lita ikiwa Sh 3,000, kila kilomita inakugharimu Sh 67. Bei ya petroli hubadilika kila mwezi EWURA, mamlaka ya nishati ya Tanzania, inapotangaza, kwa hiyo weka ya kwenu. Njia ya kupiga hesabu ni ileile.

Sasa umeme. Mteja wa kawaida wa nyumbani Tanzania hununua uniti moja ya LUKU kwa takriban Sh 357, tozo zikiwemo. Baiskeli ya umeme, ukiisaidia kwa pedeli, hutumia wati-saa 15 hivi kwa kilomita, na chaja nayo hupoteza kidogo njiani. Kwa hiyo uniti moja, yaani wati-saa 1,000, inakufikisha karibu kilomita 58, yaani kama Sh 6 kwa kilomita. Skuta ya umeme hutumia mara mbili ya hapo, Sh 12 au 13. Pikipiki ya umeme ya kubebea abiria, Sh 16 au 17.

Ukiishia hapo, kila chombo cha umeme kinaishinda petroli kwa mbali. Lakini betri inalika kama tairi. Kila chaji inapunguza kidogo ya uhai wake, na siku ya kuibadilisha utalipa kwa mkupuo. Gharama hiyo lazima uigawe kwenye kilomita tangu siku ya kwanza.

Tuseme umetajiwa betri ya baiskeli, lithiamu, wati-saa 500, kwa Sh 600,000. Ikitunzwa, betri ya aina hiyo hustahimili chaji kamili 600 hivi kabla hujaanza kuona imechoka. Kila chaji ikikupa kilomita 33, umetembea karibu kilomita 20,000. Gawanya: Sh 30 kwa kilomita. Ongeza umeme, unapata Sh 36. Bado umeiacha petroli nyuma kwa karibu nusu, na hapo sijahesabu oili wala plagi.

Sasa ile skuta ya betri za risasi. Ndani yake kuna betri nne za volti 12, ampia-saa 20 kila moja. Kwa karatasi ni wati-saa 960, zinazotosha kilomita 32. Lakini betri za risasi hazitaki kukamuliwa hadi mwisho, kwa hiyo ukiziheshimu unapata kilomita 25. Zikitumiwa kila siku kwenye joto la pwani, chaji 250 ni uhai wa kawaida. Hizo ni kilomita 6,250. Seti mpya ikiwa Sh 400,000, ni Sh 64 kwa kilomita kwa betri peke yake. Ongeza umeme, imefika Sh 77.

Umeizidi petroli. Mtu amenunua chombo cha umeme ili aepuke kituo cha mafuta, na anatumia zaidi ya jirani yake mwenye pikipiki. Tofauti ni kwamba jirani analipa kidogo kidogo kila siku, na yeye hajui analipa mpaka mwaka uishe na skuta ianze kuzimika kabla ya kufika nyumbani. Bei nilizotumia ni za mfano. Chukua ulizotajiwa wewe, uzipitishe kwenye hesabu hii kabla hujatoa hata shilingi ya kishika nafasi.

Ya kwanza: baiskeli ya umeme

Ninaiweka juu kwa sababu ndicho chombo pekee kwenye orodha hii ambacho kikiharibika umeme wake hakikuachi njiani. Betri ikiisha Sahare na wewe unakwenda Chumbageni, unakanyaga pedeli. Nzito, ndiyo, lakini unafika. Tairi ikipasuka, fundi baiskeli yuko chini ya mwembe wa jirani. Mnyororo, spoki, breki, pedeli na beringi ni vitu ambavyo mafundi wetu wamevishika kwa miaka mingi, na spea zake zinauzwa hadi magengeni. Betri unaichomoa, unaingia nayo ndani, unaichaji chumbani ulikopanga. Mwenye skuta ya umeme atahitaji waya mrefu wa kutoka dirishani hadi uani, na ugomvi na mwenye nyumba kuhusu nani analipa LUKU.

Chaja ya baiskeli huvuta wati 100 na kidogo, kiasi cha televisheni. Hata kwenye nyumba yenye sola ya wastani inawezekana kuichaji mchana.

Ukubwa gani? Kwa mji tambarare, mota ya wati 250 hadi 350 inatosha kabisa. Mwenye kilo 75, baiskeli ya kilo 25 na mzigo wa kilo 10, kupanda kilima cha asilimia nane kwa kilomita 15 kwa saa kunahitaji wati 400 hivi. Mota nzuri ya wati 250 inaweza kutoa nguvu hiyo kwa dakika chache, na miguu yako inaongeza iliyobaki. Kwa hiyo hata Arusha au Mbeya panafaa ukiwa peke yako. Ukimpakia mtu nyuma, hesabu inaruka hadi wati 650 na zaidi, na hapo mota ndogo inachemka. Anayekuambia baiskeli hii unabeba abiria na kupanda nayo milima ya Kigali, muombe apande yeye kwanza.

Chagua volti 36 au 48, na mota iliyo kwenye habu ya gurudumu la nyuma. Mota ya katikati, penye pedeli, ina nguvu zaidi mlimani, lakini inakula mnyororo na gia haraka, na nyingi zimefungwa kwa programu za kiwanda. Hili lina uzito kwetu kwa sababu ya mitumba. Ujerumani peke yake mwaka 2023 ziliuzwa baiskeli za umeme milioni 2.1, zikazipita za kawaida kwa mara ya kwanza. Zikichoka huko, nyingine zinaishia kwenye makontena yanayokuja huku. Fremu zake ni nzuri mno, breki zake za hali ya juu, na bei inavutia. Lakini mfumo wa mota kama wa Bosch hautambui betri isiyo yake, na kuufanyia uchunguzi kunataka vifaa vya wakala. Betri ikifa, umebaki na baiskeli nzito ya kawaida. Mtumba wa Ulaya ununue kama betri ina hali nzuri na mota iko kwenye habu inayokubali kontrola (kifaa kinachoongoza mota) ya kawaida. La sivyo upite.

Jambo la tairi wengi hulidharau. Baiskeli zenye matairi manene ya inchi 20 zinapendeza kwenye picha, ila tyubu yake ikipasuka Jumapili jioni utazunguka mji mzima. Inchi 26 au 28 za kawaida zinapatikana kila duka. Uliza pia kama kuna keria ya chuma inayobeba mzigo, maana keria nyembamba za mapambo hukatika na dumu la kwanza la maji.

Na kwa kina mama na wote wanaovaa baibui, dera au kanzu: tafuta fremu ya kupita katikati, isiyo na bomba la juu. Kinga ya mnyororo iwepo, iliyofunika kabisa.

Jinsi ya kuijaribu dukani

Usikubali kuzungushwa na picha za simu. Mwambie muuzaji achomoe betri akupe mkononi. Ibebe. Uzito wa betri hauwezi kudanganya. Betri ya lithiamu ya volti 48 na ampia-saa 15 ina kilo nne hadi tano. Ukipewa kitu cha kilo 25, hizo ni risasi, hata kama stika inasema lithiamu. Kinyume chake nacho kipo: stika inasema volti 48, ampia-saa 20, na mkononi ni nyepesi ya kilo mbili na nusu. Haiwezekani. Hata seli bora kabisa zilizomo kwenye betri hizi, zikipangwa kufikia ampia-saa 20 kwa volti 48, peke yake zina uzito wa kilo tatu na nusu na zaidi, bado hujaweka kasha na waya. Umeuziwa nusu ya betri kwa bei ya nzima.

Kisha mita ya volti. Fundi umeme yeyote anayo, ni kifaa cha bei ndogo. Nenda naye au ikope. Betri ya lithiamu ya volti 48 ikijaa inasoma 54.6, ya volti 36 inasoma 42. Kama taa ya chaja ni ya kijani, imejaa, na mita inasoma 52, ndani kuna seli zilizochoka au betri imekaa stoo muda mrefu bila kuangaliwa. Aina ya lithiamu iitwayo LFP, ambayo ni nzito kidogo lakini hudumu zaidi, ya volti 48 yenye seli 16 hujaa kwenye 58.4. Muulize ni ipi kabla ya kupima, na asiyejua jibu asikuuzie.

Usiishie hapo. Panda, nenda nayo hadi penye mwinuko wa karibu, kaza eksileta hadi mwisho na umuombe mtu atazame mita au skrini iliyo kwenye usukani. Volti itashuka, ni kawaida. Ikishuka mbili au tatu kisha ikarudi ukiachia, nzuri. Ikiporomoka sita au saba, au baiskeli ikazimika yenyewe ikawaka tena, rudisha. Betri inayozimika ikiwa mpya haitapona ikizeeka.

Mwisho lala chini uangalie waya wa mota unapoingilia ekseli. Hapo ndipo maji huingilia. Sisi wa pwani tuna chumvi hewani na mafuriko ya masika. Plagi za waya ziwe na mpira wa kuzuia maji, na ukifika nyumbani zipake grisi. Kontrola nyingi hufa kwa maji kuliko kwa kazi. Bonde la Jangwani, Dar es Salaam, likijaa maji, shuka, zungukia njia nyingine au subiri yapungue.

Kuhusu moto, nisikilizeni vizuri. Februari 2024 watu 15 walifariki katika jengo la makazi Nanjing, China, moto ulioanzia ghorofa ya chini palipowekwa baiskeli za umeme. New York nayo mwaka 2023 ilipoteza watu 18 kwa mioto ya betri za lithiamu. Betri nzuri haiwaki hovyo. Zinazowaka ni zilizofunguliwa na kuungwaungwa, zilizoanguka, au zilizochajiwa na chaja isiyo yake. Chaji ukiwa macho, mbali na mlango wa kutokea, usifunike kwa nguo, wala usikubali fundi akubadilishie seli mbili tatu ndani ya betri kwa kuichomelea. Ukiona alama za viwango vya EN 15194 (Ulaya) au UL 2849 (Marekani), hiyo ni baiskeli iliyopimwa; muombe muuzaji cheti, maana stika huchapishwa popote.

Ya pili: pikipiki ya umeme ya kubadilisha betri

Hii si kwa kila mtu. Ni kwa anayeishi kwa kilomita. Bodaboda wa mjini akitembea kilomita 120 kwa siku anachoma petroli ya Sh 8,000, kwa hesabu yetu ya juu. Kila siku, mbali na hesabu ya mwenye chombo kama yuko kwenye mkataba. Hapo umeme unabadilisha maisha ya mtu kwelikweli.

Kampuni zilizojenga njia hii zinajulikana: Ampersand ilianza Kigali mwaka 2019, Spiro iko nchi kadhaa zikiwemo Rwanda, Uganda na Kenya, na Roam ya Nairobi inatengeneza pikipiki ambayo betri yake unaweza pia kuichomoa na kuichaji mwenyewe. Kigali serikali imesukuma zaidi: kuanzia Januari 2025 pikipiki mpya za abiria zinazosajiliwa jijini zinatakiwa ziwe za umeme.

Kwa mnunuzi, swali la kwanza liwe ni nani mwenye betri. Ukinunua kwa mpango wa kubadilisha, betri si yako, na ndiyo maana bei ya chombo inakuwa nafuu. Uzuri wake ni kwamba betri ikichoka si tatizo lako. Ubaya ni kwamba bila mtandao wao chombo chako ni chuma. Kwa hiyo kabla ya kusaini, chora njia zako za kila siku na uhesabu vituo vilivyo juu ya njia hizo, vinavyofanya kazi sasa, siyo vile vilivyoahidiwa. Nenda kituoni saa moja asubuhi na saa kumi na mbili jioni, uone foleni. Uliza bei ya kubadilisha na kama mkataba unawaruhusu kuipandisha. Uliza pia kama wanaweza kuizima pikipiki kwa mbali ukichelewesha malipo, na ikizimwa ukiwa na abiria inakuwaje.

Mimi naipenda njia hii, lakini ninaiweka ya pili kwa sababu mji usio na vituo hauna chaguo hili kabisa.

Ya tatu: skuta ya petroli, cc 110 hadi 125

Unguja wanaijua thamani ya skuta kuliko sehemu yoyote ya ukanda huu. Vichochoro vya Mji Mkongwe, mama na kikapu chake miguuni, hakuna gia za kubadilisha, nguo haichafuki. Ukikaa mbali na mji, ukiwa na safari za kilomita 40 kwenda na 40 kurudi, hiki ndicho chombo chako na usione haya kununua petroli.

Angalia mambo mawili. Magurudumu yake ni madogo, inchi 10 au 12, na mashimo ya barabara zetu huyahisi mgongo. Ukiweza kupata ya inchi 12 mbele na nyuma, chukua. Na mkanda wa ndani unaopeleka nguvu nyuma unabadilishwa kwa kilomita, mara nyingi karibu na 20,000; mtumba usiojulikana umetembea kiasi gani, badilisha mkanda siku ya kwanza. Bei yake ya kuuza tena ni nzuri, jambo ambalo hakuna chombo cha umeme kinachoweza kukuhakikishia kwa sasa.

Ya nne: skuta ya umeme yenye lithiamu

Chombo kizuri kilichokosa mahali. Kimya, chepesi kuendesha, gharama yake kwa kilomita iko katikati ya baiskeli na petroli. Lakini ni kizito kubeba ngazi, hakina pedeli za kukuokoa, na plastiki zake na kioo chake cha mbele vikivunjika unasubiri mzigo kutoka nje. Mwenye nyumba yenye geti na soketi ya nje, anayetembea kilomita 30 hadi 40 kwa siku mjini, atakifurahia. Dai betri ya LFP inayochomoka. Na kwa kuwa zinafika kilomita 45 kwa saa na kuzidi, zichukulie kama pikipiki: kofia ngumu, leseni, bima, kadi ya chombo. Muuzaji akikuambia haihitaji usajili, mwombe akuandikie kauli hiyo kwenye risiti, utaona anavyobadilika.

Ya tano: mopedi ya cc 50

Nazitaja kwa heshima. Honda Super Cub ilizaliwa mwaka 1958, na kufikia 2017 familia yake ilikuwa imetengenezwa zaidi ya milioni 100; hakuna chombo chenye injini kilichowahi kufikia hapo. Wazee wengi wa pwani walilea watoto kwa Honda ndogo. Lakini Honda yenyewe imefunga uzalishaji wa Super Cub ya cc 50 mwaka 2025, na zinazozunguka huku sasa ni mitumba. Kenya mopedi ina leseni yake, daraja A1, kuanzia miaka 16, na hilo peke yake linaweza kuwa sababu kwa kijana. Vinginevyo, kwa hela hiyohiyo baiskeli ya umeme inafanya safari zilezile za mjini.

Ya mwisho: skuta ya betri za risasi

Nimeshaipigia hesabu. Niongeze tu kwamba joto ni adui yake mkubwa. Wajuzi wa betri husema kila nyuzijoto 10 zinazozidi 25 hukata uhai wa betri ya risasi karibu nusu, na chini ya kiti cheusi kilichoanikwa juani Dar es Salaam hapako chini ya 40. Kama tayari unayo, usiiache bila chaji hata usiku mmoja, kwa sababu risasi ikilala tupu hugandiwa na haitoi tena nguvu yake ya kwanza. Seti ikifa, uliza bei ya kuiwekea lithiamu na chaja yake kabla hujanunua risasi nyingine.

Vipi kuhusu kufunga mota kwenye baiskeli uliyonayo?

Inawezekana, na kwa mwenye baiskeli imara ni njia ya akili. Unanunua gurudumu lenye mota, kontrola, eksileta na betri. Mambo ya kuangalia ni machache lakini makali: uma wa nyuma uwe wa chuma, ekseli ifungwe na mkono wa kuizuia isizunguke, maana mota yenye nguvu huweza kujing'oa na kukata waya wake. Breki za fimbo za baiskeli za kizamani hazitoshi kwa mwendo wa kilomita 25 kwa saa na gunia nyuma. Badilisha breki kwanza, ndipo ufunge mota.

Kwa anayefikiria kuziuza

Wafanyabiashara huniuliza kama soko la baiskeli za umeme lipo kweli, au tunafuata upepo. Tazama zilikofanikiwa. China hazikuenea kwa sababu watu walipenda mazingira. Miji mikubwa ilibana pikipiki za petroli, Guangzhou ikazipiga marufuku kabisa mwaka 2007, wakati sheria ya barabarani iliyoanza 2004 iliziweka baiskeli za umeme kundi moja na vyombo visivyo na injini, bila leseni. Mlango mmoja ukafungwa, mwingine ukaachwa wazi, na mamilioni wakapita.

Kwetu nako sera ilishafanya kazi kama hiyo, ila kwa pikipiki. Pale mpakani Busia abiria walikuwa wanavushwa kwa baiskeli kwa miaka mingi kabla ya injini kuja. Kenya ilipoondoa VAT kwenye pikipiki za chini ya cc 250 mwaka 2008, bodaboda ya injini ikameza ya pedeli. Sasa zamu imefika upande wa pili: Sheria ya Fedha ya 2023 ya Kenya ilishusha VAT ya baiskeli na pikipiki za umeme hadi sifuri, na mwaka huohuo EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, ikaweka bei maalumu ya umeme wa kuchajia vyombo, KSh 16 kwa uniti na KSh 8 saa za usiku ambapo matumizi ni madogo. Bajeti hubadilika kila Juni, kwa hiyo anayeagiza kontena asome ya mwaka wake kwanza.

Ushauri wangu kwa muuzaji ni kwamba soko kubwa la baiskeli ya umeme halipo kwa mwenye pikipiki. Huyo ana mwendo na kelele anavyovipenda. Lipo kwa anayepanda daladala mbili kila asubuhi, na kwa anayeendesha baiskeli ya kawaida tayari: Tanga, Morogoro, Shinyanga, Kisumu, Pemba. Muuza maziwa, mwalimu, muuguzi wa zamu, msambazaji wa mikate. Hao hawahitaji kufundishwa faida ya magurudumu mawili. Wanahitaji malipo ya awamu yanayolingana na nauli wanayotoa sasa, na mtu wa kuwatengenezea betri ikisumbua. Duka lisilo na fundi wa betri na seti tano za kontrola stoo litauza kontena moja, halitauza la pili.

Ndugu zetu walioko Muscat, Dubai au Ulaya wanaotaka kumtumia mzazi baiskeli nzuri: betri haipandi ndege kwenye begi. Mashirika ya ndege yanaishia wati-saa 160, na ya baiskeli ni mara mbili au tatu ya hapo. Tuma kwa meli, ikiwa na chaji ya nusu hivi, na mwambie atakayeipokea aichaji ndani ya wiki ya kwanza.

Ukishachagua, risiti iandikwe namba ya fremu, namba ya betri, aina ya seli, volti na ampia-saa, pamoja na miezi ya dhamana ya betri peke yake, mbali na dhamana ya chombo. Dhamana ya mwaka mmoja "isiyohusu betri" haina maana yoyote kwako. Na kabla ya kuondoka dukani, nunua tyubu mbili za ziada, pedi za breki na chaja ya pili ya kiwanda hichohicho, wakati bado unaweza kuomba upunguziwe.